Umefunga Moduli Kwenye Land Rover ya Zamani? Usimlipe Fundi Kabla ya Kuiona Alama ya Taimingi



Leo siandiki kuhusu mbegu wala viuatilifu. Naandika kuhusu taimingi ya Land Rover. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba, hayo tuachie mafundi." Jibu langu ni fupi: gunia la alizeti halifiki Kibaigwa kwa miguu yake. Mkulima akilima vizuri, akapalilia, akavuna na kukausha vizuri, halafu gari likamfia njiani, hesabu yake yote inaharibikia barabarani. Usafiri ni sehemu ya kilimo, na ndiyo sehemu tunayoizungumza kidogo kuliko zote.

Msimu wa mavuno uliopita nilikuwa katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Kikundi cha wakulima wa alizeti pale kina Land Rover 109 ya petroli, ya zamani, bodi ndefu. Ilikuwa imewasumbua kwa muda mrefu: asubuhi haiwaki mpaka isukumwe, na kila baada ya wiki chache fundi anaitwa kusugua pointi. Wakachanga, wakaagiza moduli ya kielektroniki inayokaa ndani ya distributa badala ya pointi. Fundi akaifunga kwa saa moja. Gari likawaka mara moja tu, watu wakapiga makofi, fundi akalipwa akaondoka.

Safari ya tatu, likiwa na mzigo na linapanda, injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo ndogo. Dereva alidhani ni mafuta mabaya, akaendelea. Kabla hawajafika juu, pistoni moja ilitoboka. Alizeti ilibaki ghalani wakati bei ilikuwa nzuri. Wiki mbili baadaye akaja mlanguzi na lori lake, na kwa sababu lori ni lake, bei nayo ikawa yake.

Wanakikundi walisema, "Moduli imetuua." Mimi nasema hapana. Moduli ilifanya kazi yake. Kilichowaponza ni kwamba hakuna aliyeseti taimingi upya baada ya kuifunga, na wao waliolipa hawakujua kwamba walitakiwa kuidai.

Msimamo wangu ni huu. Mfumo wa kielektroniki ni mzuri kwa gari la zamani la petroli, sipingi. Lakini kuufunga bila kuseti taimingi kwa taa ni kazi nusu, na kazi nusu hailipwi pesa kamili. Mwenye gari, hata kama hajui kushika spana, anaweza kusimama pale na kuiona alama kwa macho yake kabla ya kutoa pesa.

Magari ninayoyazungumzia

Nazungumzia petroli tu. Kama gari lako ni la dizeli, halina cheche wala distributa, na makala hii si yako.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, na tangu mwanzo ilikusudiwa iwe gari la mkulima. Zile tunazoziona zaidi huku kwetu ni Series II, IIA na III, zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1985. Nyingi za petroli zina injini ya lita 2.25 yenye silinda nne. Zilikuwa gari za serikali, za misheni, za miradi, kisha zikauzwa kwa mnada na kuingia vijijini. Wapo wanaosema zimekwisha. Oktoba 2024 kule Arusha zilikusanyika Land Rover za kila umri, zaidi ya 1,000, kwa msafara mmoja. Hazijaisha. Ila aliyenayo kwa ajili ya msafara na aliyenayo kwa ajili ya kubeba magunia hawako katika hali moja. Wa msafara likimharibikia anapiga picha. Wa magunia likimharibikia watoto wanakosa ada.

Bodaboda imetupotosha

Kwa nini mafundi wengi wanaamini kwamba mfumo wa kielektroniki hauhitaji kusetiwa? Nadhani tumezoeshwa na pikipiki. CDI ya bodaboda ikiungua, unanunua nyingine, unachomeka soketi, unaondoka. Hakuna anayezungusha kitu. Kwa hiyo fundi akiona moduli ya Land Rover anaiita CDI na kuifanyia vivyo hivyo.

Tofauti ni hii. Kwenye pikipiki, sumaku na kihisi chake vimefungwa kiwandani mahali pamoja. Sumaku imeshikwa na kabari kwenye krenki, kihisi kimefungwa kwa skrubu kwenye bodi ya injini. Havina pa kusogea. Kwenye Land Rover, distributa nzima inashikwa kwa klempu moja yenye bolti. Ukilegeza bolti hiyo inazunguka kwa mkono, na mahali unapoiachia ndipo cheche inapotokea. Kuweka moduli ndani yake hakubadilishi jambo hilo.

Zaidi ya hapo, moduli haitoi cheche mahali palepale ambapo pointi zilikuwa zinafunguka. Pointi zinafunguliwa na pembe za shafti. Moduli inasubiri sumaku iliyo kwenye pete ipite mbele yake. Tofauti ya nyuzi kadhaa ni jambo la kawaida kabisa. Hivyo hata kama taimingi ilikuwa sawa jana kwa pointi, leo kwa moduli si sawa tena.

Na kuna hesabu ambayo kila mwenye gari anapaswa kuijua: distributa inazunguka nusu ya mwendo wa krenki. Maana yake, fundi akiisogeza distributa nyuzi 5 tu, ambazo kwa macho ni kama upana wa kucha, kwenye krenki ni nyuzi 10. Nyuzi 10 ndizo tofauti kati ya injini yenye afya na pistoni iliyotoboka.

Kwa nini cheche itangulie

Wewe mkulima wa Dodoma hili utalielewa haraka kuliko mtu wa mjini. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na mtama au uwele wengi tunaupanda ardhi ikiwa kavu, kabla mvua hazijatulia. Tunatanguliza kwa sababu mbegu inahitaji muda. Ukiwahi mno, panya na ndege wanakula mbegu. Ukichelewa, mvua inakatika mmea ukiwa bado hauna kitu.

Petroli nayo haiwaki papo hapo. Cheche inatokea, moto unaanza pale kwenye plagi, kisha unasambaa. Tunataka msukumo mkubwa ufike pistoni ikiwa imeshapita kileleni na kuanza kushuka. Kwa hiyo injini inapokimbia, cheche lazima itangulie.

Angalia mwendo. Injini ikinguruma taratibu kwa mizunguko 700 kwa dakika, pistoni inapanda mara moja kwa muda wa takriban sehemu 43 za elfu za sekunde. Ikikimbia kwa mizunguko 3,000, inapanda kwa sehemu 10 tu za elfu. Moto haupati tena muda uleule. Ndiyo maana ndani ya distributa kuna vipande viwili vya chuma vyenye springi vinavyotanuka mwendo ukiongezeka, na pembeni kuna kopo la vakyumu. Hivyo viwili ndivyo vinavyotanguliza cheche gari likiwa safarini. Moduli ya kawaida ya kuweka ndani ya distributa haifanyi kazi hiyo. Inachukua nafasi ya pointi na kondensa tu.

Cheche ikitangulia mno, starta inarudishwa nyuma wakati wa kuwasha, injini inagonga ikiwa na mzigo, inachemka, na mwishowe pistoni inatoboka. Ikichelewa mno, gari linakosa nguvu, linakunywa mafuta, linapiga mishindo kwenye eksosi, linachemka pia, na valvu za moshi zinaungua. Kuchelewa kunakuua polepole kwenye kituo cha mafuta. Kutangulia kunakuua siku moja mlimani.

Sikio la fundi lina mpaka wake

Hapa ndipo najua nitapata maneno. Wapo mafundi wazee wanaoseti kwa sikio: wanazungusha distributa mpaka injini inapiga vizuri, wanarudisha kidogo, wanakaza. Nawaheshimu. Wametunza magari haya kwa miaka mingi bila vifaa, na kwa pointi njia hiyo ilitufikisha mbali.

Lakini fikiria fundi anasikiliza nini. Anasikiliza injini isiyo na mzigo, imesimama chini ya mti. Injini isiyo na mzigo hufurahia cheche ya mapema. Ukizidi kuitanguliza ndivyo inavyozidi kupiga vizuri. Kugonga hakuji pale. Kunakuja ukiwa na magunia, gia ya tatu, unapanda kuelekea Kondoa, saa nane mchana. Fundi hayupo.

Kuna jambo la pili linalotuhusu sisi wa uwanda wa kati. Dodoma ipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko pwani, silinda inajazwa hewa kidogo, na injini inavumilia cheche ya mapema bila kugonga. Ukiseti kwa sikio hapa mpaka ukingoni, halafu ukashuka na mzigo Morogoro mpaka Dar es Salaam, hewa inakuwa nzito na joto, na injini iliyokuwa kimya huku inaanza kugonga kule. Mfanyabiashara anasema mafuta ya pwani mabaya. Mafuta hayana kosa. Taimingi ilisetiwa kwa hewa ya nyumbani.

Kwa hiyo sikio lifanye kazi ya mwisho, ya kuhakiki barabarani. Kazi ya kwanza ni ya taa.

Pointi nazo zina haki yake

Wapo pia wanaosema afadhali kubaki na pointi, na hoja yao si ya kijinga. Pointi zikiharibika porini, unazisugua kwa msasa, unapima nafasi kwa fila geji, unaondoka. Moduli ikifa, imekufa. Na betri ikiwa dhaifu sana, gari la pointi linaweza kuwaka kwa kusukumwa wakati la moduli linakataa.

Yote ni kweli. Lakini pointi zina ugonjwa wao wa kila siku. Kisigino kinachosugua shafti kinaliwa, nafasi inapungua, na cheche inachelewa kidogo kidogo bila wewe kujua. Vumbi letu unalijua. Kwa mtu anayesafiri kila wiki na hana fundi wa kudumu, ninapendelea moduli. Ila usizitupe pointi. Zifunge na kondensa yake kwenye nailoni, pamoja na fila geji, uziweke kwenye boksi la spana. Kwenye distributa nyingi za Lucas nafasi ya pointi ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Iandike kwa rangi ndani ya kifuniko cha boksi. Moduli ikifa katikati ya Mtera na Iringa, boksi hilo ndilo litakalokufikisha. Ukirudisha pointi hivyo njiani, endesha polepole, na ukifika seti taimingi tena.

Kazi kamili inafanywaje

Haya ndiyo unayopaswa kuyaona yakifanyika. Simama pale na orodha hii.

1. *Piga picha kwanza.* Kabla ya kufungua chochote, piga picha kwa simu: waya za plagi zilivyokaa na rota ilivyoelekea. Mpangilio wa kuwaka wa injini hii ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa ya mbele, upande wa feni.

2. *Angalia betri imefungwaje.* Land Rover za mwanzo, mpaka katikati ya miaka ya 1960 na kidogo baada ya hapo, zilitoka kiwandani chanya ya betri ikiwa kwenye bodi. Moduli nyingi zinataka hasi kwenye bodi. Ukikosea hapa, moduli inaungua siku hiyohiyo na duka halirudishi pesa.

3. *Pima koili kwa mita.* Karatasi ya moduli inasema inataka koili ya omu ngapi. Kwa silinda nne nyingi zinataka omu 3 au zaidi. Hesabu ni rahisi: volti 12 ukigawa kwa omu 3 unapata ampea 4. Ukiweka koili ya omu 1.5 bila kizuizi chake, unapata ampea 8, na moduli inapikwa taratibu.

4. *Kagua distributa yenyewe.* Shika shafti uitikise. Ikicheza sana pembeni, bushi zimekwisha. Zungusha rota kwa vidole kisha uiachie: inatakiwa irudi yenyewe kwa springi. Isiporudi, vipande vya ndani vimeganda kwa kutu na grisi kavu, visafishwe na kupakwa mafuta kidogo. Nyonya bomba la vakyumu kwa mdomo: sahani ya ndani inatakiwa isogee na kubaki. Isipobaki, mpira umepasuka. Moduli mpya ndani ya distributa mbovu ni mbegu bora kwenye shamba la magugu.

5. *Safisha alama.* Kwenye baadhi ya injini alama ziko kwenye puli ya mbele na kiashiria kwenye kava la cheni. Kwenye nyingine za zamani ziko kwenye flaiwili, unachungulia dirishani. Futa grisi, tia chokaa au rangi nyeupe kwenye alama.

6. *Tafuta namba sahihi kwenye kitabu cha injini yako.* Injini za lita 2.25 zilitoka na migandamizo tofauti, 7:1 na 8:1, na namba zake hazifanani. Kwa kawaida ni nyuzi chache tu kuzunguka kilele. Fundi asikuletee namba ya Toyota au Peugeot. Na kumbuka vitabu hivi viliandikwa zamani za petroli yenye risasi, ambayo Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Namba ya kitabu ni mahali pa kuanzia. Barabara ndiyo itakayosema neno la mwisho.

7. *Washa injini mpaka ipate joto.* Weka gia huru, handibreki, na mawe kwenye matairi. Fanyia kazi nje, si ndani ya banda, kwa sababu moshi unaua. Chomoa bomba la vakyumu na uzibe mdomo wake kama kitabu kinavyoelekeza. Injini ingurume taratibu, kwa sababu ikikimbia vile vipande vya ndani vinaanza kutanguliza na utapima uongo.

8. *Bana taa ya taimingi kwenye waya wa plagi namba moja, umulike alama.* Taa inawaka kila cheche inapotoka, na alama inaonekana kana kwamba imesimama. Legeza klempu, zungusha distributa polepole. Ukiizungusha kinyume na mzunguko wa rota, unatanguliza; ukifuata mzunguko wa rota, unachelewesha. Alama ikikaa mahali pake, kaza, kisha mulika tena, maana kukaza nako kunasogeza.

9. *Ongeza mwendo taratibu.* Alama inatakiwa isogee kuelekea upande wa kutangulia kwa utulivu, na irudi ukiachia. Ikibaki palepale, vipande vimeganda. Ikirukaruka, kuna kilicholegea. Hapa ndipo mafundi wengi hawafiki, na hapa ndipo nusu ya ukweli ilipo. Ukimaliza, rudisha bomba la vakyumu.

10. *Pakia mzigo, tafuta mlima.* Ikigonga kwa sauti ya bati ukikanyaga mafuta, rudi, chelewesha nyuzi moja au mbili, jaribu tena. Usikubali kuambiwa "itazoea". Injini haizoei kugongwa.

Tahadhari mbili. Kwanza, mwanga wa taa hiyo unaweza kufanya feni ionekane imesimama au inakwenda polepole. Haijasimama. Kanga, shuka, mikono mirefu na watoto vikae mbali. Pili, ukishafunga moduli, usiache swichi wazi injini ikiwa imezimwa, hata kama ni kwa kusikiliza redio. Moduli nyingi na koili huungua hivyo.

Tulishafundishwa somo hili Kongwa

Wazee wetu wa Kongwa waliliona jambo hili kwa ukubwa wake. Kuanzia 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga. Walileta matrekta mengi, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Walitaka kufyeka pori na kulima eneo kubwa kwa haraka. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua haikuwa ya kutegemea, spea zilikosekana, na mafunzo ya madereva na mafundi hayakwenda na kasi ya mashine. Matrekta yalikufa yakiwa mapya. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na mamilioni ya pauni yakapotea.

Mashine iliyofika bila ujuzi wake ni mzigo. Hilo halikubadilika kwa sababu leo mashine ni ndogo na inakuja kwenye bahasha. Moduli ni nusu ya unachonunua. Nusu ya pili ni mtu anayejua kuiseti na kifaa cha kuisetia.

Ninachopendekeza

Kwanza, kila kikundi chenye gari la petroli kinunue taa moja ya taimingi. Tunachanga kununua bomba la kupulizia na mizani, na hakuna anayeshangaa. Taa nayo ni mizani: inapima kazi ya fundi. Bei yake ukiilinganisha na pistoni, gasketi, ringi na msimu uliopotea, haifiki hata robo. Ikae kwa mweka hazina, iandikwe kwenye daftari la mali, fundi yeyote akija aitumie na kuirudisha.

Pili, makubaliano na fundi yawe na sehemu mbili: kufunga na kuseti. Toa nusu ya malipo akishafunga. Nusu iliyobaki aipate baada ya wewe kuiona alama na baada ya safari ya mlimani na mzigo. Fundi mzuri hatachukia. Atafurahi kwamba kazi yake imeonekana. Anayekasirika kuombwa amulike taa, mshukuru na umlipe nauli.

Tatu, fanyeni kazi hii mapema, Machi au Aprili, mazao yakiwa bado shambani. Usifunge kifaa kipya wiki ya kwanza ya mavuno. Mpe gari muda wa kuonesha kasoro zake wakati safari ikiahirishwa haimuumizi mtu.

Nne, andikeni. Tarehe, nyuzi zilizosetiwa, koili ya omu ngapi, fundi nani. Dereva akibadilika, gari lisianze upya kama halina historia.

Wale ndugu wa Chamwino wamelipata gari lao tena. Wamebadilisha pistoni, moduli ni ileile, na sasa mweka hazina wao, mama mmoja ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, ndiye anayeinama na kuangalia alama kabla ya kutia sahihi malipo. Aliniambia, "Bwana shamba, sijui injini. Ila mstari mweupe naujua." Hicho tu ndicho ninachowaombeni muanze nacho.

Mwenye gari la aina nyingine la petroli, Peugeot ya zamani kwa mfano, atafuata njia ileile kwa namba za kitabu chake. Mwenye swali aliulize, na mafundi mnaopinga hoja yangu ya sikio karibuni sana, leteni yenu tujifunze wote.